Aliyenitukana mtandaoni amekuja kutoa pesa kwangu leo asubuhi

Habari zenu nyote. Uzi huu ni mrefu na ninauandika nikihudumia wateja, kwa hivyo nitaukata na kuuendeleza. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu, hasa nyinyi wa Nairobi.

Mimi ni wakala wa M-Pesa Kayole, huu ni mwaka wangu wa 6. Kibanda ni cha mabati, dirisha lina waya, na chini ya waya kuna nafasi ya kupitisha mkono, pesa na kitambulisho. Wateja wengi niliwajua kwa viganja kabla sijawajua kwa sura.

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kijana mmoja alikuja kuweka 3,500. Akanitajia nambari, nikaisoma kwa sauti, akasema ndiyo hiyo. Kumbe amekosea tarakimu moja, 3 mahali pa 8. Pesa ikaenda kwa mtu tusiyemjua, tukampigia, simu imezimwa. Nikamweleza utaratibu wa kuomba irudishwe na kwamba tungesubiri. Yeye alitaka nimpe 3,500 kutoka kwa floti, yaani pesa ya kuendeshea kibanda, saa hiyo hiyo. Floti ni ya tajiri, na ikipungua jioni nakatwa mshahara. Nilimweleza hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikapandisha sauti, na hapo ndipo alipotoa simu akaanza kurekodi. Video ikawa na sekunde 40 za mwanamke anayepiga kelele nyuma ya waya: "Sikupi hata shilingi, enda popote unapotaka!"

Singefaa kupandisha sauti. Hilo ni kosa langu na ninalikubali mbele yenu.

Saa mbili usiku video ilikuwa kwenye kundi la mtaa. Juu yake ameandika, "Wakala mwizi wa Kayole, amekula pesa yangu mchana." Kufikia saa nne maoni yalikuwa yamepita 300. Nilikuwa kitandani nikiyasoma moja baada ya jingine; nazima simu, naiwasha tena. Walisema sura yangu, wakasema nywele zangu, wakasema kabila langu kwa kukisia, na hata huko wakakosea. Mmoja akaandika kibanda kichomwe nikiwa ndani, na watu 61 wakampa dole gumba. Mama mwingine, ambaye picha yake ni watoto wawili wamevaa sweta za shule za kijani, akaandika: "Na watoto wake wanalishwa za wizi. Laana iwafuate."

Nina mtoto mmoja, yuko gredi ya 6. Jumatatu alirudi nyumbani, akaweka begi chini, akaniuliza, "Mum, zile pesa za safari ya shule ulitoa wapi?" Sikufungua kibanda siku mbili.

Sasa leo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi amekuja mteja wangu wa zaidi ya mwaka, mama wa mitumba, hutoa elfu mbili kila Jumatatu kabla ya kupanda matatu kwenda Gikomba. Amenisalimu vile hunisalimu siku zote: "Umeamkaje, mama? Kijana alipona ile homa?" Nikamjibu alipona. Akatoa pesa kwenye simu yake, ujumbe ukachelewa kunifikia, akapitisha simu chini ya waya nione wake. Kioo kilikuwa kimezima. Nilipokigusa kikawaka, na hapo kwenye kioo wakatokea watoto wawili, sweta za kijani.

Jina lake naliandika kwenye daftari kila wiki. Mtandaoni anatumia jina lingine kabisa. Nikamuuliza, "Mama, ni wewe uliandika kuhusu mtoto wangu?"

"Niliandika wapi?"

"Kwa ile video ya wakala."

Hakukana. Alishika waya kwa vidole vya mkono mmoja, akaniangalia, akaangalia kibanda kama anakiona mara ya kwanza. Akasema, "Haki ya Mungu sikujua ni wewe. Hata video sikuifungua, bando lilikuwa linaisha. Nilisoma tu ile ya juu, nikaona watu wanaandika, na mimi nikaandika."

Nyuma watu wakauliza kwani kuna nini hapo mbele. Nikahesabu elfu mbili, akatia sahihi, mkono unatetemeka, akaenda.

Swali langu ni hili. Huyu mama si mkatili. Mwaka jana mwanangu alipolazwa aliniletea uji kwenye chupa ya chai mpaka wodini. Basi ni simu iliyombadilisha, au ni sisi tulivyo, simu inatutoa nje tu?

Nitarudi, kuna foleni.

Mzee wa Makadara:
Binti yangu, pole sana. Maneno ya laana kwa mtoto yanauma kuliko kofi. Lakini mimi nimekaa Nairobi hii tangu 1974 na siwezi kuacha simu ibebe lawama yote. Nani kati yetu hajasikia mtu mmoja akipaaza sauti "Mwizi!" kwenye soko la Muthurwa au la Burma, na kabla hujageuka watu hamsini wamekimbia na mawe, arobaini na tisa kati yao hawajui kimeibwa nini? Nimeona kijana akipigwa kwa sababu alikuwa anakimbilia basi. Hakukuwa na Facebook.

Tena mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, chuki ilipita kwa ujumbe mfupi wa simu za kawaida, zile za tochi. Zilifika kwangu pia. Mwaka huo huo ndipo Bunge likapitisha sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa, ile iliyozaa tume ya NCIC. Ulimi ulikuwa mkali kabla ya kioo.

Konda wa 58:
Mzee umesema, lakini acha nikuongezee. Novemba 2014 nilikuwa makanga mgeni kabisa, steji za mjini. Ule mwezi mwanamke alivuliwa nguo Accra Road na wanaume, na watu wakarekodi. Mimi sikuwa hapo, lakini video ilinifikia jioni hiyo kwa simu tatu tofauti, na walionitumia walikuwa wanacheka. Nilikuwa na miaka 20. Nilicheka na mimi. Sijawahi kuandika hili mahali popote.

Kisha tarehe 17 nikaona kina mama wamejaa barabarani, wametoka Uhuru Park, wanakuja Accra Road kwenyewe. Wengi waliitana kupitia Kilimani Mums, kundi la Facebook. Kati yao kulikuwa na mama wa umri wa mama yangu, amebeba bango, anatembea pole pole, anaangalia kila makanga usoni, mmoja mmoja. Alinifikia na mimi. Hakusema kitu. Kabla mwaka haujaisha sheria ilibadilishwa, kumvua mtu nguo kwa nguvu kifungo chake hakipungui miaka 10. Lakini mimi sheria niliisikia baadaye, kilichonibadilisha ni yale macho.

Kwa hivyo dada, simu ile ile iliyoniletea video ndiyo iliyowaita wale mama. Sijui nitaiweka upande gani.

Mwenye uzi:
Konda, asante kwa kusema ukweli. Nimesoma mara mbili.

Mzee, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Nimefikiria kelele ya "Mwizi!" siku nzima. Ukiiangalia vizuri, wale hamsini hawaamui kitu. Aliyeamua ni yule mmoja wa kwanza aliyepaaza sauti, wengine wanamalizia. Na kelele ya Muthurwa ina mwisho wake, inafika pale sauti inapofika. Mtu wa Burma hataisikia. Yangu ilifika mpaka kwa dada yangu Kitale kabla sijala chakula cha jioni.

Watu husema mtandaoni tunakosa huruma kwa sababu hatuonani uso. Hilo linanisumbua, kwa sababu uso wangu ulikuwepo. Ulikuwa umejaa kioo kizima. Tatizo ni kwamba haukuweza kumwangalia mtu. Mpwa wangu anasomea saikolojia chuo kikuu, nilimpigia saa saba mchana nikamweleza, akaniambia kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli, uliochapishwa 2012. Walichukua watu 142, wakawapanga wawili wawili wakijadili jambo gumu kwa kuandikiana. Wengine walijuana majina, wengine hapana. Wengine walionana, wengine hapana. Wengine waliwekewa kamera kwa namna ya kukutanisha macho. Kilichochochea ukali zaidi ya vyote kilikuwa ni kukosa kukutana macho, kuliko hata kufichwa jina. Nilipomaliza kumsikiliza nikaangalia waya wangu huu. Miaka 6 nimetapeliwa, nimebishana, nimeitwa majina na walevi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumlaani mtoto wangu hapa dirishani.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Yule mama hakuhukumu hata uso. Alihukumu maneno manane yaliyoandikwa juu ya uso.

Niwaeleze kitu ambacho wakala anakiona na nyinyi hamkioni. Wiki moja kabla ya video yangu, kwenye kundi lile lile, kulikuwa na picha ya mtoto mchanga amewekewa mipira puani, bili ya hospitali imemzidi mama yake. Juu imeandikwa, "Majirani, huyu ni wetu, tusimwache." Siku mbili mfululizo watu walipanga foleni hapa, wengi hawana salio, wanaweka 50, wanaweka 100, wananionyesha nambari ya kuchangia kwenye simu ili wasikosee. Fundi wa viatu anayekaa hapo mkabala aliniletea sarafu, 80 zote kwa sarafu. Na huyu mama wa mitumba aliweka 200. Niliangalia daftari leo mchana. Liko hapa, 200, sahihi yake, mkono haukutetemeka siku hiyo.

Kundi ni lile lile na watu ni wale wale. Mwaka 2011 tulichangia Wakenya waliokuwa wanakufa njaa, zile za Kenyans for Kenya, mpaka watoto wa shule wakaleta za mandazi. Jumba la maduka la Westgate lilipovamiwa na magaidi 2013 watu waliitana kwa simu kwenda kutoa damu, wakasimama kwenye jua. Tuna huruma nyingi sana sisi. Lakini huruma yetu na ukali wetu vyote viwili tumevikabidhi kwa mtu wa kwanza aliyeandika maneno juu ya picha, na hatumuulizi kitu.

Msichana wa Programu, Ngara:
Pole dada. Naomba niongeze kwa upande wa kazi yangu, kwa sababu hapo kwa "hata video sikuifungua" umegusa penyewe.

Hii mitandao imejengwa ili kidole kitangulie kichwa. Kitufe cha kupenda cha Facebook kilikuja 2009, na cha kurudia maneno ya mwingine Twitter kikaja mwaka huo huo. Kabla ya hapo ulilazimika kunakili mwenyewe, uandike, na ukiandika unafikiri kidogo. Chris Wetherell, aliyeongoza kukitengeneza hicho cha Twitter, alisema hadharani 2019 kwamba ni kama walimpa mtoto wa miaka minne bunduki iliyojaa risasi.

Tena hasira inalipwa. Watafiti wa Yale walifuatilia watumiaji 7,331 wa Twitter, jumbe milioni 12.7, wakachapisha 2021. Walikuta mtu akiandika kwa hasira na akapata vidole gumba vingi, anazidi kuandika kwa hasira siku zinazofuata. Wale 61 waliokubali uchomwe walikuwa wanamfundisha yule mmoja, na wenyewe hawajui kama wanafundisha.

Lakini kinachonipa moyo ni kwamba inarekebishika kwa kitu kidogo sana. 2020 Twitter ilijaribu kumuuliza mtu, kabla hajasambaza habari, kama angependa kuisoma kwanza. Waliofungua habari waliongezeka kwa asilimia 40. Halafu wakajaribu kumuuliza anayejibu kwa matusi kama ana uhakika anataka kutuma. Asilimia 34 ya waliooneshwa swali hilo waliandika upya au wakaacha kabisa. Hakuna polisi wala faini hapo, ni swali tu.

Nadhani yule mama angekuwa mmoja wa hao 34.

Jirani wa Spine Road:
Mimi nasema ushtaki. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 27, faini mpaka milioni 20 au jela miaka 10. Huyo wa kuchoma kibanda apelekwe ndani, wengine watashika adabu.

Mwenye uzi:
Ndugu yangu, najua unanionea uchungu na nakushukuru. Nilifikiria. Huyo wa kuchoma nimempeleka kwa wasimamizi wa kundi wamtoe, na wamemtoa. Lakini kumpeleka mama wa mitumba kortini kwa neno aliloandika bando likiisha, hapana. Watoto wake wawili watakula nini mimi nikishinda?

Binti wa Ngara, hilo la swali limenikaa. Nimeandikia wasimamizi wa kundi letu, wako watatu, nikawaomba kitu kimoja: mtu akileta video au picha ya mwingine anayemtuhumu, wamuulize kwanza, "Umempigia? Amesema nini?" Na jibu la mtuhumiwa liwekwe juu pamoja na tuhuma, si chini ambapo hakuna anayefika. Kama kibanda kina nambari ya wakala ukutani, kupiga ni dakika moja. Mmoja amekubali, mmoja amesema kundi litakosa uhai, wa tatu hajajibu.

Mwalimu wa Zamani, Dandora:
Mama, mimi naomba tusisahau wale wanaofagia. Uchafu mkubwa wa mitandao hii, watu kukatwa, watoto kuumizwa, mwingi umekuwa ukisafishwa na vijana hapa hapa Nairobi, wanaoketi mbele ya kompyuta kuangalia ili wewe na mimi tusiangalie. Mei 2023 zaidi ya 150 walikutana mjini wakapiga kura kuanzisha chama chao cha wafanyakazi, na mwaka huo huo kesi yao dhidi ya Meta, wenye Facebook, na kampuni za kandarasi ilikuwa mbele ya mahakama yetu. Nilimfundisha mmoja wao darasa la nne. Alikuwa mtoto wa kuimba. Sasa mama yake anasema hawezi kulala taa ikiwa imezimwa. Tukijadili kama mitandao inatufanya tuwe wabaya, tuhesabu na huyo.

Mwenye uzi:
Mwalimu, sikujua hilo hata kidogo. Nimewaza kwamba ile sentensi ya kunichoma huenda nayo ilipita mbele ya macho ya kijana fulani hapa mjini akaamua iachwe au itolewe, na yeye pia ana mama.

Najibu na swali la aliyeniandikia faragha: yule kijana wa 3,500 alirudishiwa pesa? Alirudishiwa 1,900, zingine zilikuwa zimeshatumika. Sijamwona tena, na video hajaitoa. Sina kinyongo naye kama mnavyofikiri. Nahisi 3,500 ilikuwa kodi ya nyumba, kwa sababu ilikuwa tarehe ya mwisho na alikuwa anatetemeka alipokuwa anazihesabu. Hilo nililiona kabla ya kila kitu, nikalisahau foleni ilipopiga kelele. Ningemwambia aingie ndani akae kwenye kiti, huenda hata simu asingeitoa.

Nyongeza, saa mbili usiku:

Nimefunga kibanda, nikafungua lile kundi kwa mara ya kwanza tangu wiki ile. Chini ya video, maoni ya mwisho kabisa, ni ya leo saa kumi jioni. Picha ni ya watoto wawili wenye sweta za kijani. Ameandika: "Mimi niliandika laana hapa. Huyu ni wakala wangu, namjua, si mwizi. Watoto wake si wa kulaaniwa. Nisameheni, na yeye anisamehe." Ametia na jina lake halisi, lile ninaloliandika kwenye daftari kila Jumatatu.

Maneno yake ya kwanza yalipata vidole gumba 47. Haya yamepata 3, na kimoja ni changu. Nimemuonyesha mwanangu. Amesoma kwa sauti, pole pole, kama anavyosoma insha ya shule, akaniuliza kama Jumatatu anaweza kuamka mapema tuende naye kibandani kabla ya gari la shule.